Noti Moja kwa Mapigo Manane

*Bukavu, Muhungu, tarehe 8 mwezi wa kumi 2023*

Mwanangu Murhula,

Asinge. Salamu kutoka kwa watu wote wa nyumba hii, wazima na wale wanaojifanya wagonjwa. Dada yako Aimée anakusalimu. Bado hajaolewa, na fiancé wake bado anasema "mwezi ujao", mpaka hata mbwa wa jirani amechoka kumbwekea. Paa la jikoni linavuja palepale uliposema umepatengeneza, kwa hiyo kila mvua ikinyesha natega sufuria na kukukumbuka.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Vyombo vimeondoka leo asubuhi na Papa Alphonse, yule mfanyabiashara wa chumvi na sabuni. Atapanda navyo ndege ndogo mpaka Shabunda, halafu pikipiki mpaka kwenu. Nilimwambia Padri: hizi tarumbeta za fanfare, bendi yetu ya zamani ya kanisa, zinalala sakristia kama wazee wanaongoja mpako wa mwisho, afadhali zikafe mikononi mwa watoto. Akacheka, akatoa ufunguo. Ni tarumbeta tatu, baritoni moja na ngoma moja. Tarumbeta yenye herufi C iliyokwaruzwa kwa msumari ni yangu. Ile embouchure yake, kile kipande cha kuwekea midomo, sikukiona. Itakuwa imepotea.

Unasema directeur wa shule amekupa saa saba mpaka saa tisa, baada ya masomo, ili watoto wabaki shuleni badala ya kukimbilia kilima cha dhahabu kuosha mchanga. Ni jambo jema sana, mwanangu, na nimejisifu nalo mbele ya wamama wote wa chorale. Lakini usiwape wimbo haraka. Fuata njia yetu. Mwezi wa kwanza hakuna wimbo, ni noti moja tu, mapigo manane kamili, bila kutikisika, halafu kimya, halafu tena. Asiyeweza kushika noti moja hawezi kushika wimbo. Mimi nilikuwa msichana wa kwanza kwenye fanfare ile. Wavulana walicheka siku tatu, ya nne nikashika mapigo manane, wakanyamaza.

Shule zimejaa huku Kabare, Katana, mpaka Lwiro, mahali ambapo mtu anaenda na kurudi siku moja. Wewe ukaandika mwenyewe barua kuomba Lusenge. Sikuulizi kwa nini.

Usinywe maji bila kuchemsha.

Ni mimi shangazi yako,
Tantine Colette

*Lusenge, tarehe 29 mwezi wa kumi 2023*

Tantine mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Aimée na huyo fiancé wa mwezi ujao. Mimi ni mzima. Nakula mihogo, sombe na samaki wa mtoni, na suruali zangu bado zinanitosha, kwa hiyo usitume unga. Mtandao hapa hakuna. Kuna jiwe moja, mwendo wa saa nne, ambalo wanasema ukilipanda siku ya jua unaweza kupata kijistari kimoja cha simu. Nililipanda nikapata siafu. Barua ni bora.

Vyombo vimefika! Baritoni ilikuwa imefungwa nyuma ya pikipiki juu ya magunia ya chumvi, na watoto waliiona kutoka mbali wakafikiri ni kipande cha ndege. Nilitaka wanafunzi wanane, wakaja thelathini na mmoja. Nimebaki na kumi na wanne, kwa kuwa hao kumi na wanne waliendelea kuja hata nilipowaambia kwamba wiki mbili za kwanza hatutagusa chombo, tutatetemesha midomo tu. Hebu fikiria, Tantine: watoto kumi na wanne chini ya paa la bati, wote wanafanya midomo *brrr* kama mbuzi, na wazazi wanapita wanatikisa vichwa.

Kuna msichana mmoja, Wabiwa, wa darasa la tano. Mwaka jana alikuwa akikosa shule siku tatu kwa wiki, yuko kilimani na beseni. Sasa anafika kabla yangu, anafagia darasa, anakaa anafanya midomo peke yake. Sijawahi kuona mtu anayesikiliza hivyo. Ukimwambia jambo mara moja, kesho yake analirudisha likiwa limenyooka zaidi.

Niliwaambia kuhusu ile njia yako ya noti moja. Wakauliza huyo mama ni mkali? Nikasema sana. Wamefurahi.

Naomba uendelee kuitafuta ile embouchure. Tarumbeta yako ndiyo nzuri kuliko zote, nayo imekaa kimya kwenye boksi.

Mwana wako,
Murhula

*Bukavu, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2023*

Mwanangu,

Barua yako imenikuta mzima, ila goti. Aimée ameisoma kwa sauti mezani, na tulipofika kwenye mbuzi tumecheka mpaka chai ikamwagika. Mwambie huyo Wabiwa kwamba mama mkali wa Bukavu anamsalimu. Mwambie pia asipandishe mabega anapovuta pumzi. Pumzi inakaa tumboni. Sijamwona lakini najua anapandisha. Wasichana wote wenye bidii hupandisha.

Natembea njiani nikijisikia mtu mkubwa. Jana nilimwambia muuza makaa kwamba mtoto wangu anafundisha fanfare huko Shabunda ndani ndani kabisa. Akasema, "Maman, kule si batu banachimba tu?" Nikamwambia: sasa wanachimba na kupuliza.

Embouchure bado natafuta.

Niandikie mara tu mtakapofikisha mapigo manane. Nataka kujua siku, saa, na jina la wa kwanza.

Tantine Colette

*Lusenge, tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2023*

Tantine,

Salamu za Noeli kwenu nyote. Mimi ni mzima. Mvua ni nyingi.

Mazoezi tumeyasimamisha kidogo kwa sababu ya mvua hiyo, maana kelele ya bati haituruhusu kusikilizana. Tutaanza tena. Mitihani imekwenda vizuri. Wabiwa ni wa pili darasani.

Papa Alphonse anaondoka sasa hivi, ndiyo maana barua ni fupi. Mbusu Aimée.

Murhula

*Bukavu, tarehe 8 mwezi wa kwanza 2024*

Murhula,

Heri ya mwaka mpya. Watu ni wazima. Paa linavuja. Basi, salamu zimekwisha.

Mvua gani? Mimi nimekulea tangu una miaka sita, tangu wazazi wako wote wawili, Mungu awarehemu, walipotuacha. Nakujua. Ukisema ukweli unaandika kurasa tatu, ukificha unaandika nusu. Nilimkalisha Papa Alphonse hapa sebuleni, nikampa fanta, nikamtazama tu. Hakumaliza hata nusu ya chupa. "Maman Colette," akasema, "kijiji muzima kilikimbia. Batu bote! Juu ya tarumbeta ya mutoto yako." Ameniambia wanataka kuvunja vyombo. Ameniambia kuna mzee aliyeanguka akavunjika mkono. Zaidi ya hapo hakujua, au aliogopa.

Niandikie yote. Kama kosa ni la njia yangu, niandikie hivyo hivyo, usinipake mafuta.

Na jambo jingine. College ya masista hapa mjini inatafuta mwalimu, na Sista ameahidi kunishikia nafasi mpaka mwezi wa saba. Rudi nyumbani. Umefanya vizuri kuliko wengi, hakuna atakayekucheka. Hicho kilima sikipendi. Sijawahi kukipenda hata jina.

Colette

*Lusenge, tarehe 11 mwezi wa pili 2024*

Tantine wangu,

Nakusalimu kwa heshima, na naomba msamaha kwa ile mvua. Goti lako likoje? Hapa ni wazima wote, hata yule mzee wa mkono, ambaye sasa anautumia mkono wenyewe kuninyooshea kidole kila nikipita.

Ilikuwa Jumatatu tarehe 27 mwezi wa kumi na moja, saa nane na dakika ishirini. Uliomba siku, saa na jina. Wa kwanza kufikisha mapigo manane alikuwa Wabiwa. Noti ilitoka imenyooka, haikutikisika, na hakupandisha mabega maana nilikuwa nimempa ujumbe wako. Nilifurahi kama mjinga. Nikasema sasa tarumbeta mbili na baritoni pamoja, mapigo manane, kimya, tena! Tukafanya mara tatu, madirisha yakiwa wazi.

Hapa kijijini kuna mlio ambao haukomi mchana wote. Ni wa mamans twangaises, wale wamama wanaotwanga mawe ya dhahabu kwenye vinu. Mtu akikaa wiki moja hausikii tena. Basi, baada ya noti ya tatu, niliusikia, kwa sababu ulikatika wote kwa mara moja. Halafu nikasikia miguu.

Tantine, hapa kilimani kuna pembe ya ng'ombe. Shimo likiporomoka na watu wakabaki chini, mzee mmoja anaipuliza noti moja ndefu, kimya, tena. Mimi miezi mitatu sikujua, kwa sababu Mungu alisaidia, tangu nifike hakuna shimo lililoanguka. Watu walikimbilia kilima na majembe, na ndoo, na mikono mitupu. Wamama walitupa michi. Kiongozi wao, Maman Élodie, ambaye mume wake alibaki chini ya udongo, ana watoto wawili wa kiume wanaochimba. Alipanda kilima kile bila viatu akiita majina yao. Kule juu wachimbaji nao walikuwa wanatoka mashimoni wakiulizana ni shimo la nani.

Walipojua hakuna lililoanguka, waligeuka wakateremka shuleni. PDG wa shimo kubwa, ndivyo wanavyowaita wenye mashimo, akasimama mlangoni mwa darasa. "Nani mwenye alipuliza?" Nilikuwa nimefungua mdomo nijibu, lakini Wabiwa alikuwa amesimama tayari, tarumbeta mkononi. Akasema, "Njo mimi, mimi mwenye nilipuliza." Ana miaka kumi na mmoja. Sitasahau.

Vyombo vilifungiwa ofisini kwa directeur. Kati ya wanafunzi kumi na wanne, wanane walirudi kilimani na mabeseni yao wiki ileile. Hiyo ndiyo mvua.

Sasa lile lililonizuia kuandika. Siku ya tatu mzee wa pembe, Papa Apollinaire, alikuja kwangu na pembe yenyewe mfukoni. Anakohoa vibaya, kifua chake kimejaa vumbi la mawe. Akaniuliza, "Ile noti, nani alikufundisha?" Nikasema shangazi yangu, Bukavu. Halafu: "Anaitwaka Colette?"

Tantine, nikamvutia kiti.

Akasema, "Akonkwa njo alituletea ile noti. Mbele yeye afike, shimo ilikuwa inaanguka, batu banakufa chini, na sisi juu tunakula mihogo, hatujue. Yeye njo alitafuta pembe. Alitufundisha nane, nane, nane. Alisemaka: dada yangu Colette alikuwa ananichapa na fimbo nikikosa nane." Akacheka mpaka akakohoa. Wanaiita pembe ya Akonkwa. Anasema imetoa watu wengi udongoni, wengine wana wajukuu sasa, na wawili kati ya wajukuu hao wako darasani kwangu. Siku ya mwisho Akonkwa, baba yangu, aliipuliza mara nne, akamkabidhi Apollinaire, akateremka kuwatoa wenzake. Alimpandisha mmoja. Udongo ukaanguka mara ya pili.

Uliniambia alikufa kwa malaria. Mimi nami sikukuambia kwamba jina la Lusenge nililikuta nyuma ya picha yake, na kwamba ndilo nililoomba kwa sababu hiyo. Nilitaka tu kuona hospitali aliyolala. Hapa hakuna hospitali.

Sina hasira. Nina swali tu, nalo unalijua.

Murhula

*Lusenge, tarehe 20 mwezi wa nne 2024*

Tantine mpendwa,

Nakusalimu tena. Papa Alphonse amekuja mara mbili na chumvi, bila barua yako. Anasema u mzima, unakwenda misa, ila hukumpa fanta. Kama nimekuumiza, nisamehe. Nitaandika tu, wewe soma ukiweza.

Mwezi wa tatu shimo liliporomoka kweli. Papa Apollinaire alipuliza, na kwenye pigo la tatu kikohozi kikamkata. Akajaribu tena, pigo la pili. Waliokuwa karibu walisikia, waliokuwa mtoni hawakusikia. Watu wawili walitolewa wazima, Mungu asifiwe, lakini ilichukua muda mrefu, na kila mtu aliuona muda huo.

Jioni yake tuliitwa uwanjani mwa kapela. Nilidhani wananifukuza. PDG akauliza ni kijana gani anayeweza kushika ile noti. Wanaume kumi wenye vifua kama milango walijaribu pembe, mmoja mmoja. Wa mbali zaidi alifika pigo la tano akaona nyota. Halafu Maman Élodie, aliyekuwa hajaniambia neno tangu siku ile, akasema bila kusimama, "Mupatie ule mutoto mwanamuke."

Wabiwa alichukua pembe. Mwanzoni alikataa, akasema wamama wataogopa. Maman Élodie akamwambia, "Sisi bote tuko hapa. Puliza." Akapuliza nane. Papa Apollinaire alihesabu kwa vidole, na kidole cha nane kilipofunguka alilia waziwazi, mzee mzima, bila kujifuta.

Wamekubaliana hivi. Wanafunzi wangu wote watajifunza noti ile, ili pembe isikose pumzi tena. Wao hawatapiga pembe ya kilima wakiwa watoto. Kazi hiyo watapewa wakubwa wanane ambao nao wanaanza somo kwangu wiki ijayo, na PDG mwenyewe ni mwanafunzi, tena mbovu. Siku za kazi darasa linapiga nyimbo na noti fupi tu. Noti ndefu ni Jumapili peke yake, saa kumi. Wazo ni la Maman Élodie. Jumapili hakuna anayeshuka shimoni, ni sheria ya kilima tangu zamani. Alisema, "Siku ya Mungu batu bote iko juu. Bapulize siku ile. Mimi nitakaa nisikie."

Watoto wamerudi. Sasa ni ishirini na wawili. Siku ya proclamation, kabla directeur hajasoma matokeo mbele ya wazazi, tutapiga nyimbo mbili. Lakini tarumbeta zinazolia ni mbili tu. Ungewaona, Tantine, wanavyopokezana, kila mmoja anafuta embouchure kwa shati kabla ya kumpa mwenzake. Mimi ndiye mwalimu, na kila siku narudi nyumbani nimefundishwa.

Murhula

*Bukavu, tarehe 9 mwezi wa sita 2024*

Mwanangu, mwana wa Akonkwa,

Asinge, asinge sana. Watu ni wazima. Aimée ameolewa mwezi uliopita. Mwezi ujao ulifika hatimaye. Nilicheza kwa goti moja. Tulikuwekea kipande cha keki, kikaliwa.

Barua zako mbili ziko chini ya mto wangu. Nilianza kukujibu mara sita, nikachana. Mtu mwenye maneno mengi kama mimi, fikiria.

Baba yako alikuwa mdogo wangu, na nilimfundisha mimi, kwa fimbo kweli, mzee hakudanganya. Alipiga vizuri kuliko mimi. Mama yako alipofariki, alisema anakwenda Lusenge kutafuta dhahabu, atarudi akujengee nyumba. Tuligombana usiku mzima. Asubuhi akaniomba tarumbeta yangu, aende nayo. Nikamwambia tarumbeta ya Mungu haiingii kwenye matope. Alipokuwa anafunga mzigo, nilichomoa embouchure nikaificha ndani ya nguo yangu, kwa sababu nilijua bila hiyo ataiacha. Nilidhani akiikosa atabaki. Aliiweka tarumbeta mezani, akanitazama, akaenda.

Ndiyo maana alitafuta pembe ya ng'ombe.

Aliyeleta habari aliniambia ni shimo, na kwamba mwili haukupatikana. Ulikuwa na miaka sita. Ulikuwa unacheza na udongo uani siku ile, unajenga vilima. Ningekuambiaje? Nikasema malaria, kwa sababu kila mtu hapa anaijua malaria na hakuna mtoto anayeiota. Halafu uongo ukazeeka ukawa kama mtu wa nyumba. Nisamehe. Ulipotaja Lusenge nilitaka kulala mlangoni usipite, lakini nilikuwa nimeshamzuia mtu mmoja kwa nguvu, nikaona nilichopata.

Embouchure haikupotea hata siku moja. Iko kwenye droo ya rozari tangu miaka kumi na minane, na kila ulipouliza niliigusa nikaandika natafuta. Inakuja ndani ya barua hii, imefungwa kwenye kitambaa cha arusi ya Aimée. Nimeisugua kwa majivu na ndimu. Mpe Wabiwa. Tarumbeta ile sasa ni yake, na ile C asiifute.

Sista nimemwambia nafasi yake ampe mtu mwingine. Nimemwambia mtoto wangu ana kazi.

Mimi hapa Jumapili saa kumi nitakaa barazani, kuelekea huko kwenu milimani. Najua hakuna masikio yanayofika Shabunda. Nitahesabu tu mpaka nane.

Colette, dada ya Akonkwa

*Lusenge, tarehe 8 mwezi wa saba 2024*

Tantine,

Salamu kwako, kwa Aimée na bwana wake. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Sina cha kusamehe. Ulimnyima tarumbeta, yeye akawapa watu hawa pembe, na mimi nimekuta watu hai ambao bila hiyo wasingekuwepo. Hayo mengine nitakuambia ana kwa ana, mwezi wa nane, nikija kutengeneza paa.

Proclamation ilikwenda vizuri. Wabiwa ametoka wa kwanza. Wimbo wa pili ulianza kila mtu na wa kwake, wakakutana katikati, wazazi wakashangilia kana kwamba ilipangwa.

Jana ilikuwa Jumapili ya kwanza ya tarumbeta yako. Saa kumi kamili Wabiwa alisimama nje ya darasa, watoto nyuma yake, Papa Apollinaire kwenye kiti. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa: wachimbaji wamevaa mashati safi, wamama kwenye mikeka. Maman Élodie alikuwa kati ya vijana wake wawili, viatu miguuni, anamsuka mtoto wa jirani. Wabiwa alivuta pumzi, chini, tumboni.

Noti ilitoka ikapanda kilima. Nilimtazama Maman Élodie. Mikono yake ilisimama kwenye nywele za mtoto. Aligeuka akamtazama kijana wake wa kulia, halafu wa kushoto. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Ilipofika nane, akaendelea kusuka.

Hakuna mtu aliyekimbia.

Murhula